Ubishi wa Mkono Mkavu

Fundi ukimpa mkono hakuuachia haraka. Aliugeuza kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya kiganja kama mama anayechagua khanga, halafu ndipo akauliza habari za nyumbani. Wanawake wa mtaa wetu pale Iringa walidhani ana tamaa. Wanaume walidhani ana dharau. Mimi nilijua anachotafuta, au nilidhani najua. Mkono wangu mimi hakuwahi kuushika. Tulikaa jirani muda mrefu katika ile miaka ya hamsini, baraza kwa baraza, na salamu yetu ilikuwa ya kurushiana kwa mbali. "Kamwene, Shemeji." "Kamwene, Fundi." Basi, kila mtu na kazi yake.

Shemeji, kwa sababu mume wangu alikuwa mtu wake wa kazi. Mume wangu aliitwa Lameki. Alikufa kwa umeme kwenye mashine ya kupasulia mbao, huko milimani kupita Mafinga, na Fundi ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Nalitanguliza hili kwa sababu humu ndani nitamcheka huyu mtu, tena nitamcheka sana, na sitaki mtu aje aniambie sina haya. Nilimchukia na nilimcheka. Vyote viwili vinakaa katika moyo mmoja bila kugombana, muulize mjane yeyote.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la kazi lilijaa mifuko, kila mfuko una kitu kinachogongana na kingine, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona. Chai yake ilikuwa sukari iliyoloweshwa. Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu cha bara kisichojali sana ngeli, na alipenda kuzungumza na vitu kuliko watu. "Wewe waya, unanidanganya," alisema. "Hii pasi iko na kiburi." Mtu akimletea redio iliyonyamaza, aliisalimia kwanza. Sisi tulipita tukibana vicheko, naye wala hakuinua macho.

Lakini mtu huyo huyo, ambaye mji mzima ulimwita ukitaka taa, nyumbani kwake hakuwa na taa. Waya wa mji ulipita juu ya bati lake na hakuuteremsha ndani. Giza likiingia aliwasha koroboi kama sisi tusio na uwezo, akakaa na pua yenye masizi akishona vifungo vyake mwenyewe. Mwenye nyumba alimuuliza sababu. Fundi akamjibu, "Nikirudi nyumbani nataka kupumzika." Mwenye nyumba alikwenda akalisimulia jibu hilo sokoni kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Neno lake kubwa lilikuwa ubishi. Siku hizi watoto wa shule wana neno jingine, la vitabuni, lakini yeye alisema ubishi, na alisema kila kitu duniani kinao. Waya wa shaba una ubishi kidogo. Waya wa ndani ya pasi una ubishi mwingi, ndiyo maana unawaka. Ubao mkavu ni mbishi kupita kiasi. Vijana aliowafundisha kazi aliwapa mfano wa kanisani, Jumapili ambayo mahubiri yamezidi urefu.

"Hamu ya watu kutoka nje, hiyo ndiyo volti," alisema. "Hamu inawasukuma. Mlango ndio ubishi. Mlango ukiwa mwembamba, wanatoka wachache. Hao wanaotoka ndio ampea. Sasa wewe umesimama mbali, mlango huuoni, utajuaje upana wake? Angalia hamu, angalia wanaotoka. Gawanya hamu kwa wanaotoka, umeupata mlango."

Mmoja akauliza, na nguvu je?

"Zidisha hamu kwa wanaotoka, utajua vumbi litakalotimka pale nje. Hiyo ndiyo wati."

Mchungaji alilisikia hilo na hakulipenda. Mimi darasa langu lilikuwa la nne tu, na nilikuwa napita na karai la nguo kichwani, lakini sijalisahau hadi leo. Volti gawanya kwa ampea, ubishi. Volti zidisha kwa ampea, wati. Nimezeeka nayo kama watu wanavyozeeka na sala.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kupiga pasi kwa mshonaji mmoja, Mzee Shomari, Mwislamu ambaye wazee wake walipanda huku bara kutoka pwani na biashara ya nguo. Duka lake na baraza ya Fundi vilitenganishwa na ukuta wa mabanzi, hivyo neno la upande mmoja lilisikika upande wa pili. Nilipofika Iringa baada ya msiba, Mzee Shomari alinipokea kazini bila maswali mengi. Mwaka haujaisha, Fundi naye akaja, akapanga baraza ile. Sijui kama alinifuata mimi au ni mji ulivyokuwa mdogo. Siku ya kwanza nilipomwona anatundika nyaya zake pale, niliunguza kola ya shati la mteja.

Nilikuwa napiga pasi ya mkaa. Siku moja Mzee Shomari akanunua pasi ya umeme, na kibati chake kimeandikwa wati mia nne na themanini. Moto wake haukumridhisha. Akamwita Fundi, huku ameshaanza kumlaani aliyemuuzia.

Fundi hakuigusa ile pasi. Alileta mita zake mbili, akazifunga, akangoja sindano zitulie. "Volti mia mbili na ishirini," alisema. "Ampea mbili. Gawanya, ubishi mia na kumi. Pasi haina kosa, Mzee, ubishi wake ni ule ule aliotoka nao kiwandani. Sasa zidisha. Wati mia nne na arobaini."

"Na arobaini zangu ziko wapi?"

"Hazijafika kwako. Kibati kinasema habari ya volti mia mbili na thelathini, kama zile zinazotoka kule kwenye mitambo. Hapa kwako zinafika mia mbili na ishirini. Kumi zimeliwa na waya njiani. Usipime umeme ulikotoka, Mzee. Pima ulipofika."

"Kumbe umeme nao una wapagazi wadokozi," alisema Mzee Shomari, na tukacheka wote watatu.

Ndiyo mara pekee ninayokumbuka kucheka na Fundi uso kwa uso. Baada ya hapo nilitoka uani nikalia kwa hasira, kwa sababu Lameki alikuwa akiniletea nyumbani maneno hayo hayo, pima ulipofika, pima ulipofika, kidole juu kama mwalimu, hata pale ninapomwambia kwamba chumvi niliyotia inatosha.

Sasa niseme habari za kupima watu, maana hizo ndizo zilizompa Fundi jina baya.

Alikuwa na kisanduku cha mbao. Ndani yake betri ya volti tisa, ambayo haiwezi kuua hata panya, na mita yenye sindano nyepesi sana, na nje vyuma viwili vya kushika. Alimwomba mtu yeyote ashike. Mkulima, dobi, kinyozi, mama wa vitumbua. Alisoma sindano, akagawanya kichwani, akatamka. "Mama, huu ni mkono wa jembe. Ubishi elfu tisini." Dobi wetu, ambaye siku nzima alikuwa majini, sindano yake iliruka mpaka Fundi akamkaripia kama mtoto. "Wewe usisogee karibu na waya! Wewe mlango wako uko wazi!" Alipima watu wakiwa wamekauka, akawapima wakiwa na jasho, akawangojea asubuhi za baridi watokao kwenye ukungu. Kila alipomaliza alinong'ona jambo moja, "Bado haitoshi," na akakifunga kisanduku.

Mnajua miaka ile ilivyokuwa. Habari za mumiani zilizagaa, kwamba wako watu wanaotumwa kunyonya damu ya Waafrika ikatengenezwe dawa. Ukiwa na gari la ajabu, wewe mumiani. Ukiwa na koti jeupe, mumiani. Sasa huyu ana kisanduku chenye nyaya, anakuomba ukishike, anakuangalia mikono! Mtoto mmoja akashikishwa vyuma, akaogopa, akakimbia kwao akipiga mayowe kwamba ameishiwa damu. Kabla maji hayajachemka walikuwa wamejaa barazani wanawake wenye michi na wanaume wenye maneno.

Fundi alisimama tu, kisanduku kifuani, hata kujitetea hajitetei. Nami nilisimama mlangoni kwa Mzee Shomari nikiangalia. Nasema kweli ya moyo wangu: sehemu moja yangu ilikuwa inangoja ule mchi wa kwanza.

Mzee Shomari ndiye aliyetoka, kofia kichwani, futi ya kupimia nguo shingoni. "Nipime mimi," alisema kwa sauti. "Hapa, mbele yao. Nikikauka mtanizika kabla ya alasiri." Akashika vyuma. Fundi akasoma, sauti yake haisikiki vizuri. "Ubishi laki na ishirini."

"Mmesikia?" Mzee Shomari akawageukia watu. "Laki na ishirini. Mke wangu ananiambia hivyo hivyo kila siku, na yeye hana mashine."

Watu wakacheka, michi ikashuka, mama mmoja akaomba naye apimwe. Lakini walipokwisha kutawanyika nilimsikia Fundi kupitia yale mabanzi. Alikuwa anamwambia Mzee Shomari, polepole, "Laki na ishirini. Kama angekuwa na wako, Mzee, angekuwa hai."

Mzee Shomari hakumuuliza ni nani.

Kule kwenye mashine ya mbao hawakuwa na taa ya kujaribia waya. Walikuwa na desturi yao, na Fundi ndiye aliyewafundisha. Ukitaka kujua waya una moto, unaugusa upesi kwa mgongo wa vidole vya kulia, mkono wa kushoto umeurudisha nyuma. Mgongo wa vidole, kwa sababu umeme ukikunja mkono wako utaukunja uondoke, usije ukashika. Na mkono lazima uwe mkavu. Fundi alikuwa amewapigia hesabu: volti mia mbili na ishirini, gawanya kwa ubishi wa ngozi kavu, inabaki ampea ndogo mno, ya kuuma kama siafu tu. Walifanya hivyo kila siku, na yeye wa kwanza. Lameki alizoea kupangusa mkono kwenye suruali kabla ya kugusa kitu chochote. Hata nyumbani, kabla ya kushika kitasa, anapangusa. Nilikuwa namtania kwamba siku moja atapangusa kabla ya kunishika mimi, naye akasema ameshafanya mara nyingi sikuona.

Mchana ule kulikuwa na ukungu wa Mufindi, ule unaolowesha bila kunyesha. Nyumba yetu ilikuwa nyuma tu ya banda la jenereta. Lameki alikuja kula. Alivua viatu mlangoni, akaketi, nikapiga goti nikamnawisha. Ugali ulikuwa tayari, na maharage. Kabla hajamega tonge, Fundi akaita kutoka bandani. Msumeno ulikuwa umesimama katikati ya gogo.

Lameki akainuka peku, mkono wa kulia ameutenga pembeni, kiganja juu. Mtu yeyote wa kwetu anajua mkono huo. Mkono ulionawa kwa ajili ya ugali haufutwi wala haushiki kitu, maana ukiupangusa kwenye suruali ya mafuta umeuchafua, na utarudi kunawa upya. Akaniambia, "Funika, narudi sasa hivi." Nikafunika. Akaenda kwenye waya wa msumeno na mkono wake safi, wenye maji, anautunza.

Walinipeleka kumwona akiwa amelala kwenye maranda ya mbao. Fundi alikuwa amepiga magoti anambonyeza kifua, anambonyeza, mpaka wanaume wakamtoa kwa nguvu. Polisi alikuja, akahoji wanaume wa mashine. Mimi nilikuwa nimekalishwa chini kwenye mkeka, khanga usoni, na mwanamke wa msiba hakuna anayemuuliza kitu. Wakaandika kwamba ni ajali. Wakanipa buti zake zilizobaki mlangoni kwangu, kana kwamba walizileta kutoka mbali.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyomwona Fundi baadaye, akigeuza viganja vya watu. Nilijua kwamba anajua. Si ndiye aliyeita saa ya kula? Si mtu wa huku huku, anayenawa kama tunavyonawa? Nilisema moyoni, anaujua ule mkono wenye maji, dhamiri inamla, na imle vizuri.

Kulikuwa na jambo jingine alilomsimulia Mzee Shomari, nalo ndilo lililoniondolea usingizi kuliko yote. Wakati Lameki anagusa waya, Fundi alikuwa ndani ya banda, hamwoni, anaangalia mita kubwa ya jenereta. Na sindano ikatikisika. Kidogo tu. Akadhani msumeno unaamka, akafurahi. "Niliipigia hesabu sindano ile, Mzee," alisema. "Mtu mmoja anavuta ampea kidogo, kidogo kabisa. Mita kubwa kama ile haiwezi kumsikia. Hesabu inasema sikuona kitu. Na mimi niliona."

Tangu hapo, taa ya dukani ikififia, kama taa za miaka ile zilivyopenda kufifia, tulimsikia Fundi upande wa pili akisimama ghafla. Vyuma vya mifukoni vinagongana. Halafu sauti yake, kama anamuuliza mtu aliye chumba cha pili, "Nani ameshika?" Hakukaa chini mpaka taa itulie. Wateja wapya walitoka mbio. Mzee Shomari alisoma dua yake kimoyomoyo akaendelea kushona. Na mimi, pamoja na chuki yangu yote, nilianza kusimama. Bado nasimama. Taa ikififia hapa kwangu, wajukuu wa dada yangu hunikuta na kijiko mkononi, nimeukodolea macho mlango.

Kilichomtesa hasa nilikuja kukisikia siku moja aliyokuwa na homa, maneno yanamtoka bila breki. Alimwambia Mzee Shomari kwamba kisanduku chake hakimwambii ukweli. "Kwa betri ndogo ngozi ni jeuri," alisema. "Inakataa, inapiga kifua. Lakini mbele ya volti mia mbili na ishirini, pengine ngozi inasalimu amri, na mimi sina namna ya kuipima huko bila kuua. Kama mkono mkavu unaweza kufa, basi hesabu yangu ni uongo. Na hesabu hiyo nimewapa vijana. Wako Mbeya, wako Uyole, wako Mafinga, hivi tunavyozungumza kuna anayegusa waya kwa mgongo wa vidole kwa sababu mimi nilisema haudhuru."

Alipopona alifunga baraza, akapanda malori kuwatafuta mmoja mmoja. Aliwaambia waache, watumie taa ya kujaribia. Wengine walimtii. Wengine walimcheka, mmoja wa Uyole alimgusia waya mbele ya macho yake, mkono mkavu, akasema, "Fundi, ulitufundisha mwenyewe, na hatujafa." Alirudi Iringa amekonda, koti linamning'inia. Mzee Shomari alilipunguza bila kuombwa.

Mtaona nimesema ubaya wake na mateso yake, sijasema wema wake. Alikuwa nao, na ulikuwa wa kuudhi. Alipohamia Mbeya, kila msimu wa viazi lori liliniteremshia gunia kutoka Uyole, bila salamu, bila neno. Nilijua ni yeye. Viazi vya Uyole ni vizuri, siwezi kusema uongo, vinapasuka kama unga. Niligawa vyote mtaani, nikala ugali wangu. Dereva akaniuliza kama amwambie mtu ahsante. Nikamwambia amwambie mtu huyo kwamba mji wa Iringa umeshiba.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilipanda basi kwenda Mbeya kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Tulipofika Chimala basi likachemka. Dereva akasema tushuke, tule, injini ipoe. Pale Chimala karibu na barabara kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na nje yake, kwenye benchi, alikuwa amekaa Fundi.

Alikuwa mzee. Sikutegemea. Mtu unayemchukia unamweka akilini vile vile alivyokuwa. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, na alinitazama kwa muda kabla ya kuinuka.

"Kamwene, Shemeji."

"Kamwene, Fundi."

Nilitaka kupita. Akasema, "Shemeji, nina neno moja la kukuuliza. Ukishanijibu, hutaniona tena kama hutaki."

Nikasimama. Pumba za mpunga zilikuwa zinaruka juani, mashine imezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Lameki," alisema, na lilikuwa jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yangu tangu maziko. "Siku ile. Mkono wake ulikuwa mkavu?"

"Unauliza, au unanidhihaki?"

"Nauliza. Nimepima mikono mpaka watu wakaniita mumiani. Lameki nilimfundisha mimi, hakuwahi kugusa waya na mkono wa maji. Alikuwa anapangusa, Shemeji, unajua alivyokuwa anapangusa. Kwa hiyo ulikuwa mkavu. Na kama ulikuwa mkavu, niliyowafundisha watu ni kifo. Nikuombe tu uniambie unachokijua, maana wewe ndiye wa mwisho kumwona kabla hajafika pale. Nimeogopa kukuuliza. Ndiyo, nimeogopa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa hajui. Miaka yote ile nilikuwa namchukia kwa jambo ambalo hakuwa nalo kichwani. Nilikaa kwenye ncha ya benchi. Maneno niliyokuwa nimemwekea tangu siku ya msiba, yale makali, niliyatafuta na sikuyapata.

"Ulikuwa na maji," nikamwambia.

"Hapana. Angepangusa."

"Alikuwa amekwisha kunawa, Fundi. Nilimnawisha mimi. Chakula kilikuwa mbele yake."

Hakuhitaji nimweleze zaidi. Ni mtu wa huku. Nilimwona anauona ule mkono, ameutenga pembeni, kiganja juu. Midomo yake ikaanza kutembea kama zamani, na nikajua anagawanya, volti mia mbili na ishirini kwa ubishi wa mkono wa maji. Kisha midomo ikasimama.

Nikafikiri nimpe alichokuwa anakitafuta. "Basi hesabu yako ilikuwa sawa," nikasema. "Vijana wako hukuwadanganya."

Alinitazama kama nimesema lugha ya watu wengine.

"Alikuwa hajala," alisema.

"Hajala."

"Hata asubuhi?"

"Hata asubuhi. Mlianza mapema siku ile. Tonge la kwanza lingekuwa lile."

Fundi alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Mbona hakula kwanza? Msumeno ungengoja. Ulikuwa msumeno tu, Shemeji."

"Uliita wewe, Fundi. Angewezaje kukaa anakula, na wewe unaita?"

Mpaka leo sijui kama nilisema hivyo kumfariji au kumpiga. Dereva alikuwa anapiga honi, abiria wanakimbilia basi, wenye mashine wanarudi kazini wakipangusa midomo. Mimi niliinuka. Fundi hakuniaga. Alikuwa amegeukia upande wa pili wa benchi, ambako hapakuwa na mtu, na alikuwa anasema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mkubwa anavyomkanya mdogo wake.

"Ungekula kwanza, mdogo wangu. Ungekula kwanza."